Dakika Arobaini za Kwenda Mwanza

Mpaka leo wapo watu hapa Nyabiyonza wanaonisimamisha njiani kuniuliza, "Ta Faustini, ile ndege ya Mwanza ikawaje?" Wanauliza huku wameziba mdomo kwa kiganja. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, anayetaka asome, asiyetaka aendelee kuanika kahawa yake.

Iliyonitoa nyumbani ni habari ya mwanangu Deo. Deo ni fundi umeme huko Mwanza, na huko amempata binti anaitwa Adventina. Wazazi wa binti ni Wahaya wa Muleba waliohamia Mwanza zamani, watu wa kanisani na watu wa taratibu. Mshenga wetu alikwenda mara ya kwanza wakamsikiliza tu. Akaenda mara ya pili, akarudi na siku: Jumamosi, kabla ya adhuhuri, baba wa kijana aje mwenyewe na kibuyu cha rubisi. Rubisi ni pombe yetu ya ndizi, wageni mnaosoma mjue, na ya kuposea haiokotwi popote, inatoka kwenye shamba la ukoo. Baba wa kijana anakaa mkekani, anasema neno lake, kisha yeye na baba wa binti wanakunywa kwa mrija mmoja. Aliyekunywa ndiye baba. Kuanzia hapo kila jambo la ndoa ile linapitia kwake: siku, mahari, ugomvi, hata mjukuu akizaliwa.

"Na usichelewe," mshenga akaniambia. "Kuna familia ya Bukoba imeshabisha hodi pale. Mzee Rwegasira, baba wa binti, si mtu wa kusubiri."

Mimi kuambiwa nisichelewe! Mimi niliishia darasa la nne. Nilianza kwa kubeba kahawa ya watu kwa baiskeli, kupanda na kushuka milima hii, na leo nina mashine yangu ya kukoboa, nina Fuso mbili na pikapu, na nyumba ya vigae ambayo watu wanaokwenda mnadani wanaelekezana nayo njia. Hakuna alichonipa mtu. Kwa hiyo nilipoitisha kikao cha safari, sikutaka mawazo ya watu wengi.

Kaka yangu Laurenti alikuja kutoka Nyakatuntu, kule Kyerwa, anakokaa kwenye kibanja cha marehemu baba. Laurenti ni mkulima, anaongea kama mtu anayehesabu mbegu. Akasema, "Twende wote na basi la Ijumaa asubuhi kutoka Kayanga. Jioni tuko Mwanza, tunalala, Jumamosi tunaamkia ukweni."

"Na rubisi?" nikamuuliza.

"Tutaipakata."

"Utaipakata kuzunguka Biharamulo yote hiyo mpaka Geita? Rubisi haipendi kutikiswa, Laurenti. Itafika imekasirika. Mimi naipeleka kwa ndege."

Nikamwita binti yangu Jenerosa, yuko kidato cha tatu, nikamwambia atafute kwenye simu kutoka uwanja wa Bukoba hadi uwanja wa Mwanza ni umbali gani na ndege inachukua muda gani. Akabonyeza bonyeza, akasoma: kwa mstari ulionyooka ni kilomita mia na sabini na kitu, hewani ni kama dakika arobaini.

"Mmesikia? Dakika arobaini!" nikasema. "Mimi kwenda Omurushaka kununua misumari natumia zaidi ya hapo. Nyinyi mtakuwa hamjamaliza kufunga mizigo, mimi nimeshakunywa."

Laurenti akakuna kidevu. "Dakika arobaini kutoka wapi?"

"Kutoka Bukoba."

"Kwani wewe unakaa Bukoba?"

Wanawake wakacheka. Mama Deo, mke wangu, akacheka kuliko wote, halafu akasema yeye anakwenda na basi pamoja na shemeji yake. Nikawaacha. Mtu ambaye hajawahi kupanda ndege huwezi kubishana naye habari za ndege. Mimi mwenyewe nilikuwa sijapanda, lakini nilikuwa nimeshakata tiketi.

Ijumaa asubuhi, Nyakatuntu. Laurenti na mama Deo walishaondoka kwenda kupanda basi Kayanga. Mimi nilifika na pikapu, nikiendesha mwenyewe, kuchukua kibuyu. Mke wa Laurenti, Ma Eudia, alikuwa ameshakitoa nje, kimekaa kwenye kata ya maganda ya mgomba kama mtoto wa mfalme. Rubisi ilikamuliwa kwa ndizi za embiire zenyewe, zile za pombe, kwa miguu na kwa nyasi, ndani ya mtumbwi ule ule wa kukamulia wa baba. Shingoni mwa kibuyu wamechomeka jani la mgomba lililokunjwa, siyo kwa kuziba kabisa, maana rubisi lazima ipumue.

Ma Eudia akapiga goti kunisalimu, kisha akaweka sikio kwenye kibuyu.

"Inaongea," akasema. "Kesho mchana itakuwa ndiyo yenyewe. Shemeji, ikipita kesho mchana, usimpe mkwe. Itakuwa imekuwa kali, watasema tumewatukana."

"Kesho mchana nitakuwa nimeshashiba ukweni," nikamwambia. "Mimi nasafiri kwa dakika."

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, kama mnavyojua Novemba yetu. Kabla sijafika Nkwenda pikapu ikaingia kwenye tope hadi kwenye mhimili. Nilishuka na viatu vyangu vipya vya ukweni. Wakaja vijana waliokuwa wanachimba mtaro, wakasukuma, tope likaniruka mpaka kifuani, na wakati wote huo mmoja alikuwa kando amekumbatia kibuyu kama nilivyomwagiza. Pikapu ilipotoka akanirudishia, akaniambia, "Mzee, hiki kinatetemeka chenyewe." Nikamwambia asijali, kinakwenda kupanda ndege. Akawaita wenzake waje kukitazama vizuri.

Mchana, Omurushaka. Nikabadili shati. Kuanzia hapo ni lami, nikasema sasa safari ndiyo imeanza. Lakini lami nayo ina mambo yake: malori ya kahawa yanapanda kwa kujivuta, ng'ombe wanavuka wanapotaka, na mimi nina kibuyu kwenye kiti cha abiria nimekifunga mkanda, kwa hiyo siwezi kukimbia. Kwenye daraja la Kyaka askari wa barabarani alinisimamisha. Akachungulia.

"Abiria wako hana kichwa," akasema.

"Anakwenda kuposa, afande."

"Basi akipata mke mwambie asinywe na dereva." Akaniruhusu. Yeye alikuwa anafurahia kazi yake, mimi nilikuwa nahesabu jua.

Jioni, Bukoba. Nilipanga chumba kwenye gesti iliyo karibu na uwanja, ziwa linasikika dirishani. Ndege ilikuwa ya kesho asubuhi saa tatu. Nikiwa nimekaa kitandani, kibuyu kiko sakafuni kinachemka kidogo kidogo, simu ikalia. Alikuwa Deo.

"Shikamoo baba. Baba mkubwa na mama wameshafika salama. Wako hapa wanakula sato."

"Wameshafika wapi?"

"Mwanza, baba."

Nikatazama dari. Watu tuliotoka nao siku moja! Wao wamezunguka nusu ya nchi, wamepita Geita, wamevuka lile daraja la Busisi, wanachambua miiba ya sato, na mimi mwenye ndege nipo Bukoba bado. Nikamwambia, "Waambie wale taratibu. Kesho mimi nikimaliza chai niko huko." Akasema sawa baba, lakini alisema kama mtu anayetaka kusema kitu kingine.

Jumamosi asubuhi, uwanjani. Nilifika wa kwanza. Nimevaa kanzu nyeupe na koti juu, kibuyu mikononi, kila mtu ananiangalia, na mimi sikuwazuia kuniangalia. Nilipofika kwenye ile mashine ya kukagua mizigo, binti mmoja wa ukaguzi akanisimamisha, mpole, mwenye adabu zake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Hiki ni nini, baba?"

"Rubisi."

"Ya nini?"

"Ya kuposa."

"Hongera sana. Lakini ndani ya ndege kwenye viti haipandi."

"Basi iwekeni chini pamoja na masanduku."

"Chini inapanda kama iko kwenye chombo kilichofungwa kabisa, kisichovuja."

"Binti yangu, rubisi haifungwi. Ukiifunga inapasua chombo."

"Ndiyo sababu haipandi, baba."

Nikamtazama. Mtu amekujibu kwa maneno yako mwenyewe, utamwambia nini? Nikamuuliza, "Wewe kwenu wapi?"

"Kamachumu."

"Mhaya kabisa! Na wewe wakija kukuposa utataka wakuletee soda?"

"Wakija kwa ndege, baba, wataleta soda."

Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Nikamwita mkubwa wake. Mkubwa akaja, akasikiliza vizuri, akaniamkia, akasema yale yale. Nikawaambia mimi ni mtu wa kulipa kodi, nina Fuso mbili. Wakasema wanaheshimu. Nikawaambia nitakipakata mwenyewe kama mtoto, hakitamgusa mtu. Wakasema hata mtoto anafungwa mkanda. Nilikuwa nimeanza kutoka jasho, na adhuhuri ya Mwanza nilikuwa naiona inakuja.

Hatujamalizana, wingu likashuka. Wenyeji wa Bukoba mnalijua: linatoka ziwani, jeusi, linafunika kisiwa cha Musira, halafu linakuja kukaa juu ya uwanja kama kuku juu ya mayai. Mvua ikapiga bati hadi hatukusikilizana. Saa tatu ikafika. Tukasikia ndege. Naapa tuliisikia, iko juu kabisa yetu, inanguruma ndani ya wingu, inazunguka. Abiria tulisimama wote, wengine wameshika mifuko. Ikazunguka tena. Halafu mlio ukaanza kupungua, ukapungua, ukaisha.

Mfanyakazi akatoka, akatutangazia kwamba rubani haoni njia ya kutua, amerudi Mwanza kusubiri hali ya hewa itulie.

"Amerudi wapi?" nikauliza.

"Mwanza, mzee."

"Yaani ndege imekwenda Mwanza bila mimi, na mimi ndiye mwenye safari ya Mwanza?"

"Kwa usalama wako, mzee."

Mvua siwezi kuilaumu, wala rubani simlaumu. Lakini hasira haitaki kujua ni kosa la nani. Nikatoka nje kwenye kibanda cha chai, nikakaa na kibuyu changu. Nikawaza kuchukua gari kwenda kwa barabara. Kwa barabara ningefika kuku wameshalala. Nikawaza meli, meli inaondoka jioni. Ndipo nikaona kwamba nimebanwa. Dakika arobaini ziko upande wa pili wa wingu, na mimi niko upande huu.

Deo akapiga. "Baba, uko wapi? Tumeshavaa."

"Niko uwanjani."

"Wa Mwanza?"

"Wa Bukoba."

Nikasikia sauti ya mama yake nyuma inauliza, "Anasemaje?" Deo akaniambia, "Baba, wale wa Bukoba, mjomba wao yuko pale tangu jana. Wamemkaribisha kama mgeni tu, lakini yuko pale."

"Mwambie mkwe nakuja."

"Nimwambie saa ngapi?"

Nikatazama wingu, nikakata simu.

Saa tano, kibandani. Mvua ilikuwa imelegea lakini wingu halijaondoka. Jua kidogo likatoka likapiga kibuyu, na kibuyu kikaanza kuimba waziwazi. Jani la mgomba likawa linapanda lenyewe kutoka shingoni. Pembeni yangu alikuwa bibi mmoja, Ma Paskazia, naye anasubiri ndege hiyo hiyo kwenda kwa binti yake aliyejifungua.

"Waitu, ndugu yangu," akaniambia, "hiyo inaanza kuondoka. Ukiiacha mpaka ndege ije, itakuwa siki."

"Ni ya mkwe, mama."

"Mkwe yuko Mwanza. Rubisi iko hapa, na wale wa pale ndani wameikataa. Unaihifadhia nani?"

Nikafikiria wale waliokamua, nikamfikiria Ma Eudia na sikio lake. Kisha nikachomoa jani. Harufu ikatoka, watu watatu wa kibanda kile wakageuka kwa pamoja. Nikaonja mimi kwanza, kama kawaida yetu, mwenye pombe ndiye anayeonja wa kwanza wageni waone haina ubaya. Ilikuwa imefika. Sijawahi kunywa rubisi nzuri kama ile, na hilo ndilo lililoniuma. Tukamimina kwenye vikombe vya chai. Ma Paskazia akanywa, akafumba macho. Akanywa mpima ardhi mmoja, wakanywa wachukuzi, hata dereva wa teksi akaomba nusu. Wakanibariki wote: mwanao aoe, azae, ajenge. Baraka za ukweni zote zimemwagwa kwenye kibanda cha chai cha Bukoba, kwa watu nisiowajua majina.

Binti wa ukaguzi akapita, akaona kibuyu kitupu kimelazwa. "Sasa kinapanda, baba," akasema. Hakuwa na nia mbaya, lakini nilitamani kulia.

Baada ya adhuhuri. Ndege ikaja. Tukapanda. Ninyi mnaoniuliza ndege ikawaje, hapa ndipo jibu lenu: ikawa nzuri. Iliruka kuelekea ziwani, nikashika kiti, tumbo likabaki Bukoba kidogo halafu likanifuata. Visiwa viko chini kama mikate kwenye maji. Nikapewa soda. Sijaimaliza, tukaambiwa tufunge mikanda, Mwanza ile pale, mawe yake yanang'aa. Nikatazama saa. Dakika arobaini hazikufika. Simu ya Jenerosa haikusema uongo hata kidogo, na hilo liliniudhi kuliko kama ingekuwa imenidanganya. Ningekuwa na wa kumlaumu.

Saa kumi kasoro, Buswelu. Teksi ilinishusha kwa mzee Rwegasira. Kuna turubai uani, kuna viti, nasikia vicheko. Nikajifuta uso, nikanyoosha kanzu, kibuyu kitupu kwapani. Mlangoni alikuwa msemaji wao, mzee mnene wa mkongojo.

"Karibu. Wewe ni nani, bwana?"

"Mimi ni baba wa kijana."

Akageuka akatazama ndani, akanigeukia tena. "Baba wa kijana tumeshamwona. Yule pale."

Nikachungulia. Kwenye mkeka, bega kwa bega na mzee Rwegasira, amekaa Laurenti. Kaka yangu, na koti lake la kanisani lenye kiwiko kilichoshonwa. Mbele yao kuna kibuyu, na mrija mmoja umesimama ndani yake.

"Na hiyo rubisi imetoka wapi?" nikauliza. Hilo ndilo neno la kwanza lililonitoka, naona aibu kuliandika.

"Imenunuliwa hapo mtaani, kwa mama mmoja wa Kihaya," yule mzee akasema. "Tunajua. Tumeisamehe. Rubisi inanunuliwa, bwana. Baba hanunuliwi. Tulisubiri mpaka saa saba, tukauliza baba yuko wapi, tukaambiwa yuko uwanjani. Tukauliza uwanja gani." Akanusa hewa kidogo, akatazama kibuyu changu. "Naona wewe ulianza kuposa njiani."

Nikaingizwa. Mzee Rwegasira alinisalimu kwa heshima, akasema karibu sana ndugu wa mkwe wangu. Ndugu wa mkwe! Laurenti akanisogezea nafasi, nyuma yake. Mimi, ambaye kwenye vikao vyote vya Nyabiyonza nakaa mbele, nikakaa nyuma ya mgongo wa Laurenti. Binti Adventina akatoka na kisahani cha kahawa ya kutafuna, akapiga goti, akampa Laurenti kwanza, akampa baba yake, wajomba, mshenga, halafu akanifikia mimi. Ni binti mzuri. Aliponyanyua macho alijua mimi ni nani, maana akasema polepole, "Shikamoo baba. Pole na safari." Nikatafuna ile kahawa mpaka ikawa unga.

Mama Deo alikuwa kwa wanawake. Alinitazama mara moja tu, na hakucheka.

Baada ya chakula nikamvuta Laurenti kando ya tangi la maji.

"Umekaa mahali pangu," nikamwambia.

"Nimekaa."

"Ungewaambia wasubiri!"

"Niliwaambia. Niliwaambia mara nne. Mara ya tano yule mjomba wa watu wa Bukoba akakohoa, akavuta kiti." Laurenti akaangalia viatu vyake. "Sikutaka, Faustini. Nilikataa. Muulize mtoto wako."

Nikamwita Deo. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia baba yake mkubwa mbele yake. Deo akaja, jasho limelowesha ukosi wa shati, mkubwa kuliko mimi kwa kimo, na akasimama kati yetu wawili.

"Mimi ndiye niliyemwomba," akasema. "Nilipiga magoti pale nje, watu wanaona. Nikamwambia baba mkubwa, kaa. Nikaenda mwenyewe kununua rubisi na kuazima kibuyu." Akanigeukia. "Baba, kama ningekusubiri wewe, saa hizi ningekuwa nakupokea tu, sina mke."

Nilikuwa na mengi. Tiketi, mvua, tope la Nkwenda, binti wa Kamachumu. Nikayatazama yote yakaonekana kama mzigo wa mtu mwingine. Nikamshika bega.

"Ulifanya vizuri," nikamwambia. Halafu nikamwambia Laurenti, "Na wewe." Kwa Laurenti lilitoka kwa shida, nasema kweli, lilitoka kama msumari kwenye ubao mkavu. Tukarudi uani, nikakaa nyuma yake mpaka mwisho wa shughuli. Wakiniuliza jambo nilisema, muulizeni kaka.

Jumatatu, kurudi. Nilirudi na basi hadi Kayanga, pamoja nao. Pikapu ilikuwa Bukoba, nikampigia dereva wangu wa Fuso aende akaichukue. Laurenti alilala kuanzia Sengerema mpaka Biharamulo, kichwa chake kiko begani kwangu, mdomo wazi. Mama Deo alinimenyea yai. Tulipopita mizani akasema, "Ungepanda basi hili Ijumaa, ungekuwa umelalia bega lake wewe." Nilikula yai.

Nilichojifunza nakiandika hapa kwa faida ya wengine, hasa vijana wanaosoma simu. Ukisoma umbali wa uwanja na uwanja, umesoma habari za ndege. Habari zako wewe hazimo. Wewe una tope lako, una lami yako, una chumba cha kulala, una wingu, na una kitu ulichobeba ambacho nacho kina saa yake. Jumlisha hayo kwanza. Mimi najua kujumlisha, ndicho kilichonitajirisha, lakini siku ile nilijumlisha kile tu kilichonipendeza.

Na adhabu yake haijaisha. Kwa vile Laurenti ndiye aliyekunywa, wakwe wanampigia yeye. Kila jambo la mwanangu linapita Nyakatuntu, na Nyakatuntu kwa Laurenti simu haishiki mpaka apande kilimani kwenye mikaratusi. Kwa hiyo nikitaka kujua habari za harusi ya Deo, nakodi bodaboda kutoka Nyabiyonza, maana pikapu kwenye tope lile sithubutu tena, nashikilia mtu kiunoni mlima baada ya mlima. Hakuna simu iliyoandika safari hiyo ni dakika ngapi.

Juzi nilikwenda. Nikamkuta Laurenti huko juu kwenye mikaratusi, simu sikioni, anaongea na mzee Rwegasira kwa sauti ya kanisani. Nikasimama mita chache nikihema. Akafunika simu kwa kiganja.

"Wanataja Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka," akaniambia. "Wanauliza kama ndugu yangu atakuwa na nafasi."

Zamani ningemnyang'anya ile simu. Nilifuta tope usoni.

"Waambie ana nafasi," nikasema. "Waambie atafika Alhamisi."